Kanna au asumini kwa ukanda wa mita sita mbele ya baraza?

Mwenye Baraza, Tanga

Wapenzi wa bustani, habari za siku nyingi. Ninao ukanda wa ardhi mbele ya nyumba, urefu wake mita sita na upana mita moja na nusu, unaoanzia kwenye ngazi za baraza na kuishia kando ya bafu la nje, mahali ambapo bomba hutoa maji ya kuogea na kuyamwaga ardhini. Nyumba iko Tanga mjini, nimetoka kuipaka rangi, upepo wa bahari unafika, na ukichimba kiasi cha futi moja na nusu jembe linaanza kulia juu ya jiwe la matumbawe. Jua hupiga hapo tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha kivuli cha nyumba ya jirani hufunika ukanda wote.

Mke wangu anataka asumini, na hoja yake ni fupi: nyumba isiyo na asumini haina jioni. Mimi nilitaka kanna, yale maua makubwa mekundu na ya manjano yenye majani kama ya mgomba, ambayo wengi wanayajua kwa sura kuliko kwa jina, kwa kuwa babu yangu alikuwa nayo kule Muheza kando ya pipa la maji, na sikumbuki hata siku moja niliyoyakuta hayana ua. Kabla hatujagombana niliamua kusoma, kuuliza kwenye vitalu na kutazama bustani za watu kwa muda wa miezi miwili. Haya ndiyo niliyoyapata, na ninaomba mnisahihishe.

Kwanza ni mgawanyo wenyewe. Maandiko mengi ya bustani yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na humo kanna huwekwa katika fungu la mimea ya maua ya kudumu, yaani ile inayokufa juu ya ardhi wakati wa baridi na kuchipua tena kutoka chini, ilhali asumini huwekwa katika fungu la vichaka visivyopukutisha majani. Ukiyachukua maneno hayo kama yalivyo utadhani kwamba mwenye kanna hubaki na ardhi tupu nusu ya mwaka. Hapa pwani haitokei hivyo, kwani kanna yenye maji haina msimu wa kulala. Tofauti inayotuhusu sisi ni ya shina. Kanna haina mti. Kila bua huchipuka kutoka kwenye tunguu lililo chini ya ardhi, mfano wa tangawizi, hukua, hutoa maua yake, kisha zamu yake imekwisha na bua jingine hulipokea, kama mgomba na watoto wake. Asumini hujenga mti: tawi la mwaka huu hukaa juu ya tawi la mwaka jana, na mahali ulipokata vibaya utaendelea kupatazama.

Kwa wanaopenda asili ya mambo, jina la Canna indica alilolitoa Carl Linnaeus mwaka 1753 humdanganya mtu adhani mmea huo ni wa India, kumbe kwao ni Amerika ya joto. Aliyetoka Asia ya Kusini ni asumini, na majina yake mawili yote yamepitia mikononi mwa Waarabu: asumini ni yasmini ya Kiajemi, na hilo la kisayansi, Jasminum sambac, limebeba neno la Kiarabu, zanbaq. Wafilipino waliifanya ua la taifa lao mwaka 1934, jambo ambalo mke wangu alilipokea kama ushahidi wa mahakamani.

Sasa tuje kwenye ua, kwa maana ndilo lililoleta mzozo. Ukikaa barazani ukachambua ua moja la kanna kwa vidole utaona kwamba petali zake halisi ni vile vipande vitatu vyembamba, vilivyochongoka, vilivyojificha nyuma na visivyovutia hata kidogo. Yale mapana mekundu tunayoyasifia ni stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, zilizogeuka kuwa mfano wa petali, na miongoni mwake ni moja tu iliyobaki na chavua, tena ubavuni, nusu yake. Ni ua la macho. Harufu sikuisikia hata nilipoingiza pua. Asumini ni kinyume chake: kwa mbali hulioni. Tumba hushinda limefumba mpaka alasiri, jeupe kama maziwa, na huo ndio wakati wa kulichuma kwa ajili ya koja au kikuba; baada ya Magharibi hufunguka, na harufu yake huvuka ukuta ikamfikia mtu asiyejua imetoka wapi. Kesho yake mchana limeshaanza kuingia wekundu wa zambarau ukingoni, na jioni limeanguka.

Kwa upande wa muda, tunguu la kanna lililopandwa vizuri hutoa ua katika miezi mitatu hivi. Kipandikizi cha asumini hukutaka usubiri karibu mwaka mzima kabla ya kupata maua ya kujaza hata kisahani. Kwa hesabu zangu kanna inashinda kwa wepesi na asumini inashinda kwa heshima. Nikipewa nafasi moja tu, nielekee wapi?

Bi Kitalu, Unguja

Mwanangu Mwenye Baraza, umeandika vizuri, lakini umeanza na ua ilhali ulipaswa kuanza na bomba la bafu. Mimi nimeuza miche kwa miaka mingi, na wateja wanaorudi kulalamika kwamba asumini yao imekufa wanafanana wote: waliipanda mahali penye maji, kwa kudhani kwamba mmea unaopendwa hupewa maji mengi. Mizizi ya asumini inataka kupumua. Ikikaa kwenye tope, majani hugeuka manjano yote kwa pamoja na kuanza kudondoka. Mwenye nyumba huona kwamba mmea una kiu, huongeza ndoo nyingine, na wiki ya pili anakuja kwangu na kijiti kikavu mkononi. Kwa hiyo upande wa bafu usiufikirie kabisa kwa asumini.

La pili ni hilo jiwe lako la matumbawe, ambalo wewe umelitaja kwa kupita tu, nami naliona ndilo suala kubwa kuliko yote. Ardhi ya matumbawe ina chokaa nyingi, na chokaa huyafunga madini ya chuma yasipande kwenye mmea hata kama yamo ardhini. Dalili yake si ile ya maji mengi, na ni lazima ujue kuzitofautisha. Tazama majani machanga ya nchani: jani likiwa la manjano lakini mishipa yake imebaki ya kijani, kama ramani ya mito, hiyo ni njaa ya chuma. Dawa yake ni kuinua tuta angalau sentimita thelathini kutoka usawa wa ardhi kwa udongo mweusi wa mbali uliochanganywa na mboji na samadi iliyooza, kisha kufunika kwa matandazo ya majani makavu, na ikibidi kunyunyizia majani mbolea ya maji yenye madini ya chuma. Umesema umetoka kupaka nyumba rangi; bila shaka mafundi wameacha mabaki ya saruji na chokaa chini ya ukuta huo huo. Yaondoe kwa mikono, usiyafukie. Na majivu ya jikoni usithubutu, kwa sababu nayo yanaongeza ukali ule ule wa chokaa.

La tatu ni ununuzi. Kuna mmea mwingine wa maua meupe unaouzwa barabarani kwa jina la asumini, na usipokuwa na ua mtu hawezi kuutambua kwa haraka. Vunja jani au ncha ya tawi: ukiona utomvu mweupe kama maziwa, rudisha. Asumini haina maziwa. Vilevile uliza kama ni ile ya ua la safu moja au ile iliyojazana petali kama waridi dogo. Ya pili ni nzuri kwa kutazama, lakini hutoa maua machache zaidi na hukua polepole. Anayetaka makoja achukue ya kwanza. Ya safu moja isikutie hofu kwamba itazaa mbegu na kuenea uani, kwa maana mmea huu huzaa kwa nadra sana. Karibu kila kichaka unachokiona pwani ni kipande cha kichaka cha mtu mwingine, ambacho nacho kilikuwa kipande.

Swali lako la kuchagua moja silijibu, kwa sababu una ukanda wa mita sita wenye ncha mbili zisizofanana.

Afisa Mstaafu, Morogoro

Ninaungana na Bi Kitalu juu ya asumini, nami nitaongeza machache kuhusu kanna, mmea ambao watu huudharau kwa kuwa hauna masharti. Nilifanya kazi ya ugani kwa muda mrefu, na mmea huu nimeuona ukiwekwa kwa makusudi kwenye mabwawa ya kusafishia maji machafu kwa mimea, kwa sababu hustahimili mizizi kukaa majini na hufyonza naitrojeni na fosforasi ambazo zingeyaharibu maji ya chini. Kwa hiyo ncha ya bafu haiistahimili tu kanna; inaihitaji.

Namna ya kupanda ni rahisi. Kata tunguu kwa kisu kikali katika vipande vyenye macho mawili au matatu kila kimoja, viache kivulini siku moja ili kidonda kikauke, kisha vifukie sentimita kumi kwenda chini, jicho likitazama juu, na uache nusu mita kati ya kipande na kipande. Bua likimaliza maua yote usikate ncha tu. Lishushe hadi usawa wa ardhi kwa panga, maana halitatoa tena na linawaziba wenzake. Baada ya miaka miwili au mitatu utaona katikati ya shina pamebaki patupu na machipukizi yanakimbilia pembeni. Hapo ng'oa shina zima, tupa matunguu mazee, panda machanga.

Ugonjwa wa kuangalia ni kutu, yaani vidoa vya rangi ya chungwa upande wa chini wa jani, ambavyo ukipitisha kidole vinaacha unga. Kata jani hilo na ulichome moto, wala usilitupe kwenye shimo la mboji. Majani yakiwa na michirizi ya manjano iliyopauka sambamba na mishipa, hicho ni kirusi, na hakina tiba. Ng'oa mmea wote na usigawe tunguu lake kwa rafiki.

Tahadhari moja kuhusu maji ya bafuni: sabuni ya kawaida haina neno, lakini maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe yatachoma majani yoyote utakayoyapanda. Na bomba lisimwage maji karibu na msingi. Lisogeze angalau mita moja kutoka ukutani, la sivyo unyevu utapanda ukutani na rangi yako mpya itabambuka kabla ya masika ya pili.

Watoto wakikuuliza kuhusu zile mbegu nyeusi za duara, waambie kwamba ni ngumu kama risasi. Huko Argentina iliwahi kupatikana mbegu ya kanna ndani ya ganda la jozi lililotoka kaburini, ikakadiriwa kuwa na umri wa miaka 600 hivi, nayo ilipopandwa ikaota. Anayetaka kuziotesha azisugue kwanza kwa msasa na kuziloweka usiku kucha. Lakini kwa bustani panda tunguu, maana mbegu za aina zilizochanganywa haziahidi rangi ya mama yao.

Mama Wawili, Mombasa

Mie ninapenda asumini, na ninayo, lakini naomba wenye ujuzi walizungumzie jambo ambalo kila mtu hapa kwetu hulisema na hakuna anayeliandika. Wazee wangu walikataza kuipanda karibu na dirisha la kulala wakisema harufu yake huita wasioonekana, na jirani yangu anasisitiza kwamba huita nyoka. Hayo ya wasioonekana nayaacha. La nyoka lina ukweli? Tena, kanna inapohifadhi maji kwenye makwapa ya majani yake, si tutafuga mbu?

Bi Kitalu, Unguja

Mama Wawili, nyoka hafuati harufu ya ua, anafuata panya, na panya anafuata kichaka kilichoachwa kikashika chini. Kila baada ya miezi michache inama na mkasi, uondoe matawi yote ya sentimita thelathini za chini, mpaka uweze kupitisha ufagio chini ya kichaka. Kichaka kinachofagiliwa chini yake hakifichi kitu. Huko ndiko kumpogolea nyoka. Kwa ajili ya maua, kata ncha za matawi kila baada ya wimbi moja la maua kwisha, kwa sababu tumba hutoka kwenye chipukizi jipya. Na kila baada ya miaka mitatu au minne kishushe chote hadi kimo cha goti. Mteja wangu mmoja alilia nilipomfanyia hivyo. Miezi mitatu baadaye alinitumia kikuba.

Kuhusu mbu, ni kweli kwamba vijimaji hukaa kwenye makwapa ya majani mapana, ya kanna na ya migomba pia, na wapo mbu wanaoridhika na kiasi hicho. Pitisha mpira wa maji wenye nguvu mara moja kwa wiki uyasafishe. Lakini kabla ya kuilaumu kanna, tazama vifuu, makopo na matairi nyuma ya nyumba.

Kijana wa Lushoto

Ningependa kuweka neno kwa sisi wa milimani, kwa kuwa mleta uzi amesema kanna haina msimu wa kulala, na hiyo ni kweli ya Tanga tu. Huku juu, mwezi wa saba ukifika, kanna inasinyaa: haifi, lakini majani yanakuwa na kingo za kahawia na maua yanakoma mpaka joto lirudi. Mjomba wangu anayeishi Njombe, ambako barafu hushuka usiku wa kipupwe, huamka akakuta mabua yote yamelala chini kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Huyakata, na mvua za Novemba zikija yanachipua tena. Kwa hiyo ule mgawanyo wa vitabu vya nchi za baridi, ambao wewe unaukataa, kwa Njombe unafaa kabisa. Asumini yeye hakuijaribu tena baada ya mwaka wa kwanza.

Ughaibuni, Leicester

Nikiwa hapa Uingereza nacheka kwa uchungu. Kanna yangu huchimbuliwa kila Oktoba au Novemba, mara baridi kali ya kwanza inapoyafanya majani kuwa meusi, na matunguu hulala ndani ya boksi la mchanga mkavu kwenye chumba cha kuhifadhia vitu hadi Mei. Asumini iko ndani ya chungu, kando ya dirisha la kusini, na kitu kinachoitesa si baridi bali hewa kavu ya mitambo ya kupasha nyumba joto, ambayo huleta utitiri mwekundu chini ya majani. Ninaiogesha bafuni kama mtoto. Mwaka jana ilitoa maua kumi na moja. Niliyahesabu.

Mpita Njia, Dar es Salaam

Samahani, lakini mleta uzi anataka ua au anataka ua? Namaanisha, anataka ua la kupendeza, wingi wake maua, au anataka ua wa kuzuia watu wasichungulie barazani, wingi wake nyua? Kama ni la pili, vyote viwili havifai. Apande oleanda au lantana, vinakua haraka, havitaki maji wala mboji, vinatoa maua, na mbuzi wa jirani hawavigusi.

Afisa Mstaafu, Morogoro

Ndugu Mpita Njia, swali lako la lugha ni zuri na jibu lako la kilimo ni la hatari. Mbuzi hawaigusi oleanda kwa sababu ina sumu kuanzia jani hadi mzizi, na haifai kuwekwa kando ya ngazi ambazo watoto wanachezea. Lantana nayo ni gugu vamizi ambalo limekwisha kuharibu malisho sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ndege hula vitunda vyake na kuvipeleka wasipoalikwa, na mifugo inayolazimika kuila huugua. Kanna na asumini zote mbili hazina sumu, na hilo peke yake lingetosha kwangu. Kwa habari ya kuzuia macho, asumini ikipandwa mita moja moja na kushikizwa kwenye fito huweza kuwa ukuta wa kimo cha mtu, ila huchukua miaka miwili.

Mwenye Baraza, Tanga

Bi Kitalu, shikamoo. Mzee wetu wa Morogoro, shikamoo nawe. Imepita miezi kumi na moja tangu nilipoanzisha uzi huu, na nimeona si haki kunyamaza baada ya kula elimu ya watu bure. Naeleza yaliyotokea, pamoja na yale ya aibu.

Ya aibu kwanza. Kabla sijausoma ujumbe wa Bi Kitalu nilikuwa nimekwisha kununua miche mitatu ya asumini kutoka kwa mtu wa kando ya barabara, na nilikuwa nimeipanda yote upande wa bafu, ili nisisumbuke kuimwagilia. Nilikuwa pia nimemwaga ndoo mbili za majivu, kwa imani kwamba majivu ni mbolea. Nilipousoma ujumbe ule nilitoka nje usiku na tochi ya simu nikavunja jani la mche wa kwanza: maziwa. Wa pili: maziwa. Wa tatu ulikuwa asumini kweli, na ndio pekee uliokuwa umeanza kugeuka manjano, kwa kuwa ile miwili mingine haikujali majivu yangu wala tope langu. Niliuhamisha asubuhi yake, lakini mizizi ilikuwa imekwisha kuwa ya kahawia na laini, ikivuliwa ganda kama uzi uliolowa. Ulikufa ndani ya siku tisa.

Tulianza upya. Niliondoa udongo wa upande wa baraza kwa urefu wa mita mbili na nusu mpaka nikafika kwenye jiwe. Humo nilitoa karai saba za vipande vya lipu na saruji ambavyo sikujua kama vipo. Nikajenga ukingo wa matofali wa kimo cha sentimita thelathini na tano, nikajaza udongo mweusi na samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita. Vipandikizi mke wangu alivileta mwenyewe kutoka kwenye kichaka cha mama yake huko Pangani, vijiti kumi vya urefu wa kalamu, vilivyokatwa chini ya kifundo na kuondolewa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Tulivichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, tukavifunika kwa chupa za maji zilizokatwa vitako. Sita vilishika. Vinne vimepandwa, viwili vimekwenda kwa majirani, mmoja wao yule mwenye kivuli.

Kanna nilipata kwa baba mdogo Muheza, matunguu ya mmea ule ule wa babu, na sikulipa kitu. Niliyapanda mwanzoni mwa masika kwenye ncha ya bafu, nikalisogeza bomba kama nilivyoagizwa. Kufika mwishoni mwa Juni yalikuwa yamenipita kimo, na tangu hapo kila asubuhi ninapokwenda kuoga naona ua. Upepo wa kusi uliyachana majani yake ukayafanya kama vitambaa, jambo ambalo mtu anayependa unadhifu hatalivumilia, mimi nimelivumilia. Kutu nimeiona mara moja, kwenye majani mawili, nikayachoma.

Kwa upande wa kazi, nilikuwa nimekosea hesabu. Nilidhani kanna ni nyepesi. Ni nyepesi kuianza, lakini haikomi kukudai: kila wiki kuna bua la kushusha, na mwezi wa pili, jua la kaskazi lilipokuwa kali, mashina manne yalinywa kuliko sisi watu watano, mpaka maji ya bafu hayakutosha nikawa naongeza ndoo mbili kila baada ya siku moja. Asumini ni nzito kuianza, kisha inakuacha. Wiki moja ya kaskazi nilisafiri na hakuna aliyeimwagilia. Matandazo yaliilinda, ikapoteza majani machache tu ya chini.

Ndiyo maana nimebadilisha swali langu la mwanzo. Kanna ikiwekwa pabaya unaing'oa Jumamosi na kuipanda kwingine, na baada ya miezi mitatu umesahau. Asumini ikiwekwa pabaya unapoteza mwaka. Kama mtu ana nafasi ndogo, aanze kwa kuitafutia asumini mahali pake, na kanna iridhike na panapobaki, ambapo mara nyingi ndipo penye maji, na hapo ndipo inapopataka.

Maua ya kwanza ya asumini yalitoka wiki iliyopita. Yalikuwa saba. Mke wangu aliyachuma saa kumi alasiri yakiwa bado yamefumba, akayaweka kwenye kisahani cha kahawa chenye maji kidogo, juu ya kizingiti cha dirisha, na tulipotoka kuswali Magharibi yalikuwa yamefunguka matano. Mawili hayakufunguka mpaka usiku.

Imebaki sehemu ya katikati, kama mita moja, ambayo ni kavu mno kwa kanna na yenye kivuli kingi kwa asumini tangu jirani alipoongeza ghorofa. Nimepanda mrehani kwa muda, kwa kuwa kikuba nacho hakikamiliki bila mrehani. Mwenye wazo bora alilete.

Bi Kitalu, Unguja

Marahaba, mwanangu. Mrehani uache hapo hapo, ila ukate vichwa vyake kabla havijatoa mbegu, la sivyo utazeeka upesi na kuwa vijiti. Na hao waliobaki na maziwa, wale wawili uliouziwa kwa jina la asumini, umewafanyaje?

Mwenye Baraza, Tanga

Wapo nyuma ya bafu, bibi. Wametoa maua meupe mazuri sana, na hayanuki kama asumini. Mke wangu hataki kuyatazama.